Leseni Zisizokaa Sinia Moja: Kisa cha Programu ya Vituo vya Maziwa Tanga

Majina ya watu, ya programu na ya mashirika yameondolewa, na mambo machache yasiyogusa somo yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Nimekiandika kisa hiki, cha leseni za msimbo wa watu wengine, kwa ajili ya vijana wanaotengeneza programu na kuziuza, hasa wale wanaofanya kazi wawili watatu katika chumba cha kupanga, bila wakili wala idara ya sheria.

Mazingira

Kikundi kina watu wanne, na ofisi yao ni chumba kimoja cha ghorofani, juu ya duka la vifaa vya umeme, Ngamiani, Tanga mjini. Kiongozi ndiye anayetafuta wateja. Fundi mkuu ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha programu. Dada mmoja anashika hesabu na mikataba. Wa nne ni kijana aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo akiwa bado chuoni, akazoeleka, akabaki. Mimi niliwafundisha wawili kati yao. Wananiita mwalimu hadi leo, na mambo yalipokwama simu ilinijia mimi.

Mkoa wa Tanga ni wa wafugaji wadogo wa ng'ombe wa maziwa. Kuanzia Muheza hadi Korogwe na milima ya Lushoto, watu huamka alfajiri kukamua, wakapeleka ndoo kwenye kituo cha kukusanyia, karani akapima, akaandika daftarini, na mwisho wa mwezi kila mmoja akalipwa kwa kadiri ya alichopeleka. Daftari hulowa. Daftari huchanika. Na ugomvi wa lita tatu unaweza kuwatenganisha majirani kwa mwaka mzima. Kikundi hiki kilitengeneza programu ya kuuondoa ugomvi huo: inasoma uzito moja kwa moja kutoka kwenye mizani ya kidijitali, inatoa risiti papo hapo, na mwisho wa mwezi inachapa taarifa ya kila mfugaji. Nimeiona ikifanya kazi. Mama mmoja wa Muheza aliniambia tangu risiti zianze hajagombana na karani hata mara moja, na nilimwamini.

Programu iliandikwa kwa Python, lugha ya kuandikia programu, ikafungwa yote kuwa faili moja la kubofya, ikapelekwa vituoni kwa flashi kwa kuwa mtandao wa milimani ni wa kubahatisha. Ilipofika siku ya kisa hiki ilikuwa imewekwa katika vituo 11. Kila kituo kilisaini mkataba wa kurasa mbili uliosema haki zote ni za kikundi, na kwamba mteja haruhusiwi kuinakili programu, kumpa mwingine, wala kuifumua kuona ndani yake kuna nini. Kipengele hicho cha mwisho kikumbuke.

Barua

Shirika moja kubwa linalofanya kazi na wafugaji lilitaka kuipeleka programu katika vituo vingine vingi. Kabla ya kusaini lilituma barua yenye maombi mawili: orodha ya msimbo wote wa watu wengine uliomo ndani, kila kipande na leseni yake, na tamko lenye saini kwamba kikundi kina haki ya kuikabidhi programu kama kinavyoikabidhi. Muda uliotolewa ni wiki mbili.

Kiongozi alijibu jioni ileile kwamba vipande vyote ni vya bure, hakuna tatizo.

Neno hilo ndilo lililowaponza. Bure ni kitu kisicholipiwa. Programu huria ni kitu kingine: mwenye hakimiliki amekupa ruhusa ya kutumia, kubadilisha na kusambaza, kwa masharti aliyoyaandika mwenyewe. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na maandishi mengine. Kwa hiyo asiyetimiza masharti ya leseni hana ruhusa, na asiye na ruhusa anasambaza mali ya mtu. Kikundi kilikuwa kimesoma bei tu, na bei ilikuwa sifuri.

Fundi mkuu alipofungua folda kuandaa orodha, alikuta vipande 34. Tisa ndivyo alivyovichagua mwenyewe. Vingine 25 vilikuja vyenyewe, kama wageni wanaofuatana na mgeni uliyemwalika. Alifika robo ya orodha, akanipigia. "Mwalimu, shikamoo. Kuna kitu sikielewi. Kila leseni nikiisoma peke yake naona iko sawa. Nikizisoma mbili kwa pamoja naona zinakataana."

Alikuwa ameelewa vizuri sana, ila hakujua kwamba ameelewa.

Kilichokuwa ndani ya kifurushi

Vipande vingi havikuwa na shida kubwa. Vilikuwa chini ya MIT au BSD, leseni fupi zinazoruhusu karibu kila jambo mradi tamko la hakimiliki na maneno ya leseni yaende pamoja na nakala. Kikundi hakikuwa kimeyaweka hata kwa kipande kimoja. Ni kosa, lakini dawa yake ni mchana mmoja wa kukusanya maandishi. SQLite, iliyotunza kumbukumbu za kila siku, imeachwa na waandishi wake iwe mali ya umma. PyInstaller, chombo kilichofunga kila kitu kuwa faili moja, iko chini ya GPL, leseni inayotaka kazi iliyojengwa juu ya msimbo wake itolewe kwa masharti yaleyale, na fundi alishtuka alipoliona jina hilo. Lakini waandishi wake wameongeza ruhusa maalumu ili unachokifunga kwayo kisilazimike kufuata GPL. Leseni isomwe hadi mwisho, maana ruhusa ya namna hii hukaa baada ya mahali watu wanapoachia kusoma.

Vilivyouma vilikuwa vichache.

Madirisha na vitufe vyote vya programu vilijengwa kwa PyQt5. Maktaba hiyo, yaani msimbo ulio tayari ambao programu nyingine huutumia, hutolewa kwa njia mbili: chini ya GPL toleo la 3, au kwa leseni ya kulipia. Kikundi hakikulipia. Kwa hiyo kilikuwa chini ya GPLv3, na GPLv3 inasema kazi nzima inayosambazwa pamoja na sehemu hiyo itolewe chini ya GPLv3, na kila anayepokea programu apate pia msimbo wake. Mkataba wa kurasa mbili ulisema kinyume kabisa.

Kuonyesha taarifa za PDF kwenye skrini walitumia PyMuPDF, iliyo chini ya AGPL toleo la 3. AGPL ni ndugu wa GPLv3 mwenye sharti la ziada linalowagusa hata wanaoitumia programu kupitia mtandao. GPLv3 na AGPLv3 zimeandikwa zikitambuana, hivyo hizi mbili hazigombani. Zilichokataa zote mbili ni maneno "haki zote zimehifadhiwa".

Kutuma muhtasari wa siku mtandao unapopatikana walitumia maktaba iitwayo requests, iliyo chini ya Apache 2.0, leseni ya mwaka 2004.

Kisha kulikuwa na maktaba ndogo ya kusoma mizani. Ilikuwa kazi ya mtu mmoja wa Ulaya, mistari mia chache tu, na ndiyo moyo wa programu. Leseni yake ilikuwa GPL toleo la 2, na juu ya kila faili ameandika kwamba ni toleo la 2 pekee. Waandishi wengi wa zama hizo huandika "toleo la 2, au toleo lolote la baadaye ukipenda". Huyu hakuandika hivyo.

Hapa ndipo fundi alipoona leseni zinakataana, na inafaa tukae kidogo. GPLv2 ni ya 1991. Kifungu chake cha 6 kinasema unapomkabidhi mtu programu hii, usimwongezee zuio lolote ambalo leseni hii haina. Apache 2.0 ina kipengele cha hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake: ukimshtaki mtu kwamba programu hiyo inavunja hataza yako, unapoteza haki za hataza ulizopewa. Ni kipengele kizuri, kinalinda watu, lakini kwa GPLv2 ni zuio la ziada. Ukivifunga pamoja, huwezi kutimiza la huyu bila kuvunja la yule. GPLv3 ilipotoka 2007 iliandikwa makusudi ikiruhusu masharti ya ziada ya aina hiyo, ndiyo maana msimbo wa Apache 2.0 unaweza kuingia katika kazi ya GPLv3. Kurudi haurudi: msimbo wa GPLv3 hauwi Apache. Na GPLv2 pekee haikai na GPLv3 yenyewe, kwani kila moja inataka kazi nzima iwe chini yake.

Nilimwambia fundi afikirie sinia la biriani. Wageni wote ni watu wema, kila mmoja ukimwandalia peke yake atakula na kushukuru. Lakini mmoja ameweka nadhiri hali chakula chenye kiungo fulani, na mwenzake ameapa hali chakula kisicho na kiungo hichohicho. Tabia zao hazina kasoro. Kilichoshindikana ni sinia moja.

Mbali na hayo kulikuwa na vitu viwili vidogo. Herufi za risiti zilikuwa zimechukuliwa kutoka kwenye Windows na kuwekwa ndani ya kifurushi, ilhali kuwa nazo kwenye kompyuta yako hakukupi ruhusa ya kuzisambaza. Na kazi moja ndogo ya msimbo, ya kugeuza namba kuwa maneno, ilinakiliwa kutoka Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandika programu, ambako michango hutolewa kwa leseni ya CC BY-SA, yenye sharti la kumtaja mwandishi na kutoa kazi iliyotokana nayo kwa masharti yaleyale.

Mfululizo wa maamuzi

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha usambazaji siku ileile. Kituo cha 12 kilikuwa kinasubiri flashi. Kiongozi hakupenda, na sauti ilipanda kidogo. "Mwalimu, nani atatujua sisi Tanga?" Swali la haki. Nilimweleza kwamba mwaka 2004 huko Munich, Ujerumani, mwandishi wa programu Harald Welte alipata zuio la mahakama dhidi ya kampuni iliyouza vifaa vyenye msimbo wa GPL bila kutimiza masharti. Na kwamba mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya Marekani, katika kesi iliyohusu programu huria ya kuendesha treni za kuchezea, iliamua kwamba kukiuka masharti ya leseni ya namna hii kunaweza kuwa ukiukaji wa hakimiliki na si wa mkataba tu. Lakini kilichomgeuza ni dada wa mikataba. "Kaka, tunaambiwa tusaini tamko. Mimi siweki saini yangu kwenye uongo." Hapo mjadala uliisha.

Kusimamisha kulikuwa na faida nyingine. Kifungu cha 8 cha GPLv3 kinamrudishia haki zake anayeacha ukiukaji, na haki hizo hurudi moja kwa moja kabisa iwapo siku 60 zitapita bila mwenye hakimiliki kumtumia taarifa. GPLv2 haina huruma hiyo: ukikiuka, haki zako zimekoma papo hapo. Kwa maktaba ya mizani, kwa hiyo, kungoja kusingesaidia. Ilibidi kumwomba mwenyewe.

Uamuzi wa pili ulikuwa kumwandikia shirika ukweli. Kiongozi alitaka waombe muda kwa kisingizio cha ugonjwa. Walikubaliana badala yake kueleza kwamba jibu la kwanza lilikuwa la haraka, kwamba wamekuta migongano ya leseni, na kwamba wanahitaji wiki sita. Shirika lilikubali kwa barua ya mistari mitatu.

Uamuzi wa tatu ndio uliowachukua muda: programu mpya ifuate njia ipi? Njia tatu ziliwekwa mezani. Ya kwanza, kuifungua programu yote kwa GPLv3. Ya pili, kununua leseni za kulipia za vipande vinavyouzwa. Ya tatu, kubadilisha vipande vyenyewe.

Niliwashauri ya kwanza, na sababu zangu sikuzificha. Programu ya wafugaji inafaa iwe ya watu wanaoweza kuirekebisha, na kikundi kingeendelea kula kwa kazi ya kufunga, kufundisha na kuhudumia. Hawakukubali. Kipato chao kilitokana na ada ya kila kituo, na waliogopa kwamba fundi mwingine angeichukua na kuwapiku. Tena, hata njia hiyo ilikuwa imezibwa na maktaba ya mizani: kutoa msimbo wote kusingefanya GPLv2 pekee ikae na GPLv3 wala na Apache 2.0. Jambo hili watu wengi hawalijui. Hudhani ukishaweka kila kitu hadharani umemaliza, kumbe mchanganyiko wenyewe ndio usioruhusiwa.

Kununua kulikataliwa upesi. Kungekuwa kununua sehemu mbili kwa wauzaji wawili tofauti kwa fedha za kigeni, na maktaba ya mizani ingebaki palepale.

Wakachagua kubadilisha. PyQt5 ilitolewa, ikaingizwa PySide2, inayojengwa juu ya Qt ileile, mkusanyo wa zana za madirisha ambao PyQt5 nayo huutumia, lakini hutolewa pia chini ya LGPL toleo la 3, leseni inayoruhusu programu iliyofungwa kuitumia. Fundi alifikiria kwanza PySide6, akaacha kwa sababu Qt 6 haifanyi kazi kwenye Windows 7 na vituo viwili vya milimani bado vina laptopu za zamani. Kazi ilikuwa nyepesi kuliko alivyohofia, maana majina mengi yanafanana.

LGPL haikuwa bure nayo. Inataka mtumiaji aweze kubadilisha maktaba hiyo kwa toleo lake mwenyewe. Ukifunga kila kitu kuwa faili moja, njia hiyo unaifanya ngumu. Kwa hiyo waliacha faili moja la kubofya, wakapeleka folda ambamo mafaili ya Qt yanaonekana yakiwa peke yake. Wakaweka maandishi ya LGPL na ya GPL, zote mbili, kama leseni inavyodai, pamoja na taarifa ya wazi kwamba Qt na PySide2 zimetumika. Na kile kipengele cha mkataba kilichokataza kufumua programu? LGPL hairuhusu umzuie mtu kufumua kwa lengo la kurekebisha mabadiliko yake ya maktaba. Wakili wa mjini aliandika upya sentensi hiyo. Bila kuisoma leseni hadi kifungu cha 4, wangebadilisha msimbo wote na kubaki wakikiuka kwa karatasi.

PyMuPDF waliiondoa kwa kuuliza swali ambalo lingepaswa kuulizwa mwanzo: tunaihitaji kwa nini? Taarifa zilikuwa tayari zinatengenezwa na ReportLab, iliyo chini ya BSD. Kuzitazama, programu sasa inaifungua PDF kwa kisomaji kilichopo kwenye kompyuta. Kazi ya saa mbili. Herufi zikawa Noto, ambazo leseni yake inaruhusu kufungwa pamoja na programu. Ile kazi ya namba kuwa maneno aliiandika kijana upya, kwa Kiswahili, na sasa inaandika "elfu arobaini na tano mia tano" inavyosemwa.

Maktaba ya mizani waliishughulikia kwa namna mbili. Kwa programu mpya, waliandika yao wenyewe. Fundi mkuu hakuiandika, kwa kuwa alikuwa ameshasoma ile ya zamani hadi anaijua kwa moyo. Tuliogopa mkono wake ungeirudia bila yeye kutambua. Aliyeiandika ni kijana, kwa kutumia kitabu cha maelekezo kilichokuja na mizani na pyserial, maktaba ya BSD ya kuongea na vifaa kwa waya. Ilimchukua siku nne, mbili kati yake zikiwa Muheza kituoni, akipima ndoo tupu tangu asubuhi.

Kwa programu ya zamani, ile iliyokwisha fika vituo 11, walimwandikia mwandishi wa Ulaya. Barua ilikuwa fupi: tumesambaza kazi yako kinyume cha masharti, tumeacha, tunaomba utusamehe na uturuhusu kuitoa chini ya toleo la 2 au la baadaye. Alijibu baada ya wiki tatu, kwa upole mkubwa. Kwake hapakuwa na shida. Lakini maktaba ilikuwa na michango ya watu wengine wawili, na hawezi kubadilisha leseni ya kazi isiyo yake. Mmoja alikubali siku iliyofuata. Wa pili hakupatikana kabisa. Sehemu ya huyo wa pili ilikuwa faili moja la aina ya mizani ambayo hakuna kituo Tanga kinachoitumia. Mwandishi akaliondoa, akatoa toleo lenye ruhusa mpya, na kikundi kikajenga upya programu ya zamani bila faili hilo.

Barua hiyo ndiyo iliyowafanya wajitazame wenyewe. Moduli ya taarifa za mwezi iliandikwa na kijana wakati ule wa mafunzo, akiwa hana ajira wala mkataba. Nani mwenye hakimiliki yake? Dada aliandaa hati, kijana akasaini, wakakubaliana malipo. Wangegombana kabla ya hapo, sijui ingekuwaje.

Matokeo

Tamko lilisainiwa katika wiki ya saba, likiwa na orodha ya vipande 29. Shirika lilisaini, lakini kwa awamu ya kwanza iliyo ndogo kuliko ilivyozungumzwa mwanzo. Hawakusema ni kwa sababu ya kuchelewa, ila kiongozi anaamini hivyo, nami sina la kumpinga.

Vituo 11 vilipelekewa flashi mpya yenye programu ya zamani iliyojengwa upya, msimbo wake wote, maandishi ya leseni, na barua ya Kiswahili cha kawaida: hii mna haki ya kuinakili, kuibadilisha na kumpa mwingine, yale tuliyoandika kwenye mkataba hayahusu programu hii tena. Pamoja nayo walipewa nafasi ya kuhamia programu mpya bila ada. Tisa walihamia. Makarani wengi waliiweka flashi kabatini pamoja na vitabu vya risiti.

Viwili havikuhamia. Vilimpa msimbo fundi mmoja wa Muheza, naye sasa ndiye anayevihudumia, na kikundi kimepoteza ada ya huduma ya vituo hivyo. Hofu waliyonieleza mezani ilikuwa ya kweli.

Uchambuzi

Kilichowaokoa kwanza ni kwamba msimbo wao waliuandika kwa mgawanyo mzuri. Madirisha yalikuwa mbali na hesabu, mizani mbali na vyote viwili. Ndiyo maana PyQt5 iliweza kung'olewa bila nyumba kuanguka. Fundi hakufanya hivyo kwa kufikiria leseni, alifanya kwa sababu alifundishwa usafi, lakini siku ya shida usafi huo ulikuwa na thamani ya fedha.

La pili ni ukweli kwa wenye haki na kwa mnunuzi. Nimeona vikundi vikibadilisha vipande kimyakimya na kujifanya matoleo ya zamani hayakuwahi kuwepo. Kwa GPLv3 pengine ungepita. Kwa GPLv2, haki zilizokoma hazirudi kwa kunyamaza, na nakala 11 zingebaki Tanga zikiwa ushahidi.

Lililofeli halikuwa ujinga wa sheria. Hawa ni watu wanaoweza kusoma. Fundi aligundua mgongano mkubwa kwa saa moja alipokaa na kusoma. Lililofeli ni wakati. Leseni hukubaliwa usiku ule unaposakinisha kipande ili kazi ya kesho iende, na hakuna aliyeandika lolote usiku huo. Wazee husema mali bila daftari hupotea bila habari, na kikundi kilichotengeneza programu ya kuwaepushia wafugaji hasara ya daftari hakikuwa na daftari la vipande vyake. Sasa kipo: faili moja ndani ya msimbo, kila mstari ukiwa na jina la kipande, toleo lake, leseni yake kwa kifupi cha SPDX, orodha ya vifupi sanifu vya majina ya leseni, na kilichokileta. Vifupi vya SPDX ninavisisitiza kwa wanafunzi wangu kwa sababu vinatenganisha GPL-2.0-only na GPL-2.0-or-later. Kuandika "GPL" tu ni sawa na kuandika "samaki" kwenye stoo bila kusema ni mbichi au mkavu.

Toleo nalo ni jambo la kuandikwa. iText, maktaba ya PDF inayojulikana sana kwa waandika Java, ilikuwa chini ya LGPL na MPL, leseni zenye masharti mepesi zaidi, hadi ilipofika toleo la 5 mwaka 2009, ikawa AGPL. Mtu aliyesasisha bila kutazama alibadilisha masharti yake yote kwa kubofya mara moja.

Kuna watakaosema kwamba kuita maktaba kutoka Python hakufanyi programu yako kuwa kazi iliyotokana nayo, na kwamba mahakama hazijalimaliza swali hilo. Ubishi huo upo kweli. Lakini mtu aliyefunga vipande vyote kuwa faili moja na kulipeleka kwa flashi hana mahali pazuri pa kusimama akiubisha, na mnunuzi anayetaka saini hatapokea ubishi badala ya saini.

Kuhusu uamuzi wa kutofungua programu mpya, bado sikubaliani nao, ingawa nauheshimu. Ni msimbo wao, na kila kilichomo sasa kinawaruhusu. Mwezi uliopita kijana alipita Muheza kwa shughuli nyingine, akaingia kwenye kimoja cha vile vituo viwili. Fundi wa pale amebadilisha risiti zitoke kwa mpangilio ambao wafugaji wanapanga foleni, jambo ambalo makarani waliliomba siku nyingi na kikundi hakikulifikia. Kijana aliomba kuona folda. Maandishi ya GPL yalikuwa mahali pake, majina ya waandishi wote yalikuwapo, la mtu wa Ulaya, la mchangiaji wake, na lake mwenyewe. Na chini yake fundi wa Muheza ameandika alichobadilisha, tarehe, na jina lake.